Soda, Pipi na Mita Isiyotulia

Jumatatu, Februari 2
Mvua tangu alfajiri. Naanza kuandika humu kwa sababu Mwalimu Isaka, mwalimu wetu wa fizikia, amesema mtu anayefanya jaribio lazima aandike hata siku ambayo hakuna kilichotokea. Yeye anataka vipimo tu, na hivyo nitamwandikia kwenye karatasi zake. Humu nitaandika yaliyobaki.

Shule yetu itapeleka jaribio moja kwenye maonyesho ya sayansi ya Nyanda za Juu Kusini, Iringa, mwisho wa Machi. Mwalimu amechagua letu. Letu maana yake ni mimi, Mwantumu wa kidato cha tatu, na Jackline, ambaye sikumchagua. Tumeunganishwa kwa sababu tunakaa dawati moja, na tunakaa dawati moja kwa sababu tulibaki wasichana wawili tu wa fizikia baada ya wengine wote kuhamia masomo ya sanaa.

Jaribio lenyewe ni hili. Ukichomeka kipande cha waya wa shaba na msumari wa kuezekea bati, ule uliopakwa zinki, ndani ya soda bila kugusana, umeme kidogo sana unapita. Ukiunganisha mita, unaona namba. Na kila mtu anajua ukitumbukiza pipi kwenye soda povu linaruka. Swali: povu likiruka, mkondo wa umeme unaongezeka au unapungua?

Mwalimu Isaka anasema unaongezeka. Alisema hivyo kabla hatujafungua chupa hata moja.

Alhamisi, Februari 5
Pipi kifua hazifai. Zinatoa vipovu vitatu vinne halafu zinakaa chini kama mawe. Tumejaribu mchana wote. Mwishowe Jackline akazitoa kwa kijiko akazila, akasema angalau kifua chake kimepona.

Sikucheka.

Jumatatu, Februari 9
Leo imefanya kazi! Nilipita dukani kwa mzee Bipin, akanionyesha pipi nyeupe za mnanaa, zile laini kidogo zenye vumbivumbi. Tumeziangusha tatu kwa mpigo, povu likapanda hadi kwenye mbao za dari, Mwalimu Isaka akaruka nyuma na suti yake. Mimi ndiye niliyeshika vyuma, Jackline akasoma mita. Kabla ya pipi, miliampia nne. Baada ya pipi, tano na ushee.

"Mmeona?" Mwalimu alisema huku akijipangusa. "Unaongezeka. Nilisema mimi."

Nimerudi nyumbani, mtaa wa Soweto hapa Mbeya, nikinuka sukari. Mama akasema nisikae kwenye kochi.

Jumatano, Februari 11
Tunapokezana: anayeshika vyuma ndiye anayeangusha pipi, mwenzake anasoma mita na kuandika. Leo vyuma alishika Jackline. Namba ilianza nne kama juzi. Akaangusha pipi, povu likaruka, na namba ikashuka. Ikashuka hadi moja, ikashuka tena chini ya moja.

Nikamwambia umegusisha vyuma. Akasema hajagusisha. Nikamwambia rudia. Akarudia. Ikashuka.

Ijumaa, Februari 13
Zamu yangu. Imepanda.

Jumatatu, Februari 16
Zamu yake. Imeshuka.

Jumanne, Februari 17
Sielewi. Soda ni ileile, pipi zilezile, msumari uleule. Na mita yenyewe haitulii. Hata kabla ya pipi namba inajishukia polepole kama mtu anayesinzia, unabaki hujui uandike ipi. Mwalimu anasema tuandike ile ya kwanza. Jackline akauliza kwa nini ya kwanza na siyo ya mwisho. Mwalimu akasema kwa sababu amesema.

Mimi nikishika, inapanda. Jackline akishika, inashuka. Ingekuwa mara moja ningesema bahati mbaya.

Jumatatu, Februari 23
Tumeanza kufunga Ramadhani tangu Alhamisi. Kukaa mchana kutwa na chupa za soda inayochemka mbele ya pua yangu ni mtihani ambao sikuuomba.

Jackline sasa ana tabia mpya. Tukimaliza duru moja, anachukua soda iliyobaki, anatoka nje kwenye kibaraza na mvua yote hii, anakaa huko. Mimi nabaki kufuta meza, na meza ya soda haifutiki, inanata hadi kesho yake. Akirudi nimeshamaliza. Kila siku hivyohivyo.

Jumanne, Februari 24
Tumegombana.

Zamu yake, imeshuka tena. Nikasema, "Jackline, unafanya makusudi?"

"Makusudi ya nini sasa?"

"Sijui. Kila nikishika mimi inapanda. Wewe unavyoshika, mkono unatetemeka, huangalii, unacheka na akina Ronak dirishani."

"Ronak kaja kuuliza saa. Na mkono wangu hautetemeki." Akaunyoosha mbele ya macho yangu. Kweli haukuwa unatetemeka. "Labda wewe ndiye unayekosea. Hujawahi kufikiria hivyo?"

"Yangu inakubaliana na alivyosema Mwalimu."

"Basi mwambie Mwalimu aje ashike mwenyewe," akasema, akachukua soda yake akatoka.

Nimeandika mazungumzo yote ili nikiulizwa nisije nikayasahau.

Jumatatu, Machi 2
Mwalimu Isaka ametuita wote wawili baada ya vipindi. Alikuwa na karatasi zetu mbele yake, zile za vipimo, ameshazigawa mafungu mawili. Fungu langu lilikuwa juu.

Akaanza kwa upole. Akasema maonyesho yamekaribia, akasema jaribio zuri ni lile lenye majibu yanayofanana, na majaji hawana muda wa kusikiliza hadithi mbili. Kisha akalichukua fungu la Jackline akaliweka kwenye droo.

"Haya tuyaache. Mwantumu ana mkono uliotulia. Yeye ndiye atakayeshika vyuma Iringa. Jackline, utasaidia kubeba vifaa."

Jackline akasema, "Mwalimu, mimi niliandika kilichotokea."

"Sikatai. Ila kuna kilichotokea na kuna kilichotokana na uzembe."

Hilo neno. Jackline alisimama pale, mrefu kuliko sisi wote, kofia ya sweta mkononi. Akanitazama. Nilijua anasubiri niseme kitu. Nami nilikuwa nimechoka, nimefunga, nina wiki tatu za kugombana na mita, na moyoni nilikuwa nafurahi kwamba mambo sasa yatakuwa rahisi. Nikatazama dirishani.

Jumatano, Machi 4
Jackline hakukaa kwenye dawati letu. Amehamia nyuma.

Ijumaa, Machi 6
Nimesikia kwa wengine, hakuniambia mwenyewe: anaacha fizikia. Amekwenda kwa mwalimu wa taaluma kuuliza utaratibu. Majina ya masomo ya mtihani wa taifa wa mwakani yanafungwa mwisho wa mwezi, baada ya hapo hakuna kubadilisha. Anataka kuhamia historia.

Nikamfuata mapumziko. "Kweli unaacha?"

"Mtu asiyeweza hata kutumbukiza msumari kwenye soda atafanya nini na fizikia?"

"Mwalimu hakusema hivyo."

"Alisemaje?"

Sikuweza kulirudia lile neno. Akaondoka.

Jackline ndiye aliyenifundisha mwaka jana kutatua yale maswali ya mwendokasi. Nimelikumbuka hilo leo wakati wa futari, nikaisogeza sahani ya tambi pembeni.

Jumatatu, Machi 9
Bango limetoka mjini. Kubwa, linang'aa, limeandikwa kwa herufi nyekundu: PIPI HUONGEZA MKONDO WA UMEME KATIKA SODA. Mkuu wa shule amekuja kulitazama, amempongeza Mwalimu Isaka kwa kumpa mkono. Mwalimu amelitundika maabara juu ya ubao. Ni mara ya kwanza namwona anacheka hadi macho yanafumba.

Amesema shule yetu haijawahi kufika Iringa. Amesema ameomba miaka mingi.

Jumanne, Machi 10
Mvua. Hakuna umeme. Hakuna soda. Hakuna mtu wa kusoma mita. Nimekaa maabara peke yangu nikisoma bango.

Alhamisi, Machi 12
Leo nimelia kwa hasira, na ninaandika ili hasira iishe.

Waya wa shaba ulikatika. Sehemu iliyokaa kwenye soda wiki zote hizi ilikuwa imeliwa, imekuwa ya kijani, nilipoivuta tu ikabaki mkononi. Nikaumenya tena ule waya, nikafunga upya vyuma vyote viwili. Ukawa mfupi kuliko mwanzo, lakini unafika kwenye soda, nikaona hautadhuru. Mwalimu akakaa kwenye mita. Nikaangusha pipi kama nilivyoziangusha siku zote, kwa mkono uleule uliosifiwa.

Ikashuka.

"Umefanya nini?" Mwalimu akauliza.

"Sijafanya kitu."

"Rudia."

Nikarudia. Ikashuka hadi chini ya moja, palepale ilipokuwa inashuka ya Jackline. Mwalimu akaigonga mita kwa kidole. Akabadilisha betri yake. Nikarudia tena kwa chupa ya mwisho, ikashuka, na Mwalimu akasema maneno ambayo bila shaka hakuyafikiria: "Sasa na wewe umeanza uzembe?"

Nilitoka nje bila kuaga. Nimetembea hadi nyumbani na mvua bila kufungua mwavuli. Mama akanivua sweta mlangoni akauliza nani amenipiga. Nikamwambia hakuna aliyenipiga. Akasema basi mbona unalia kama aliyepigwa.

"Mama, nimefanya kilekile na kimetoka kinyume, na hakuna anayeniamini."

Mama alikuwa anakuna nazi. Akasema tu, "Inauma, ee?" akaendelea kukuna.

Nimekaa na hilo swali tangu magharibi. Inauma. Na mimi imeniuma siku moja tu.

Ijumaa, Machi 13
Sikwenda na hasira leo. Nilikwenda na swali: jana kulikuwa na kitu gani ambacho hakikuwepo siku zangu nyingine? Waya tu. Waya mfupi.

Nilimwomba Ronak, yule mvulana wa darasani kwetu aliyekuja dirishani siku ile, aje asome mita, kwa kuwa Mwalimu alikuwa kwenye kikao. Kisha nikafanya kitu ambacho tangu Februari hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukifanya: nikabandua karatasi ya chupa. Siku zote tulikuwa tunapima kwenye chupa yenye karatasi yake ya rangi imezunguka tumbo lote, hatuoni ndani. Aliyeshika vyuma anatazama mdomo wa chupa asirukiwe usoni, mwingine anatazama mita. Ndani hakutazama mtu.

Nikaangusha pipi, nikainamisha kichwa pembeni, nikatazama.

Povu lilipanda, likatoka na soda yenyewe. Nusu nzima ya chupa ilitoka nje. Na vyuma vyangu, kwa sababu ya waya mfupi, vilikuwa vinaning'inia juu, vimebaki hewani na povu kidogo limevishika. Umeme upite wapi? Soda imevikimbia.

"Imeshuka," Ronak akasema.

"Najua," nikamjibu, na sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Nikachukua chupa ya pili, nikaunga waya, nikavisukuma vyuma hadi chini kabisa kama nilivyozoea. Pipi. Povu likatoka, lakini vyuma vilibaki ndani ya soda, vinatikiswa na vipovu. Ikapanda.

Jackline hapendi vidole vyake vilowe soda, ndiyo maana yeye hushika juu na vyuma vyake huishia juu. Mimi husukuma hadi chini. Basi. Wiki zote hizo, ugomvi wote ule, ni vyuma kuishia juu au kufika chini.

Kisha nikajaribu jambo moja zaidi, kwa sababu lilinijia tu. Bila pipi yoyote, nikakoroga soda kwa kijiko cha plastiki huku vyuma viko chini. Namba ikapanda vilevile. Nikaacha kukoroga, ikashuka. Nikakoroga, ikapanda.

Kwa hiyo pipi haziongezi chochote. Zinakoroga tu.

Niliinua macho nikaliona bango.

Jumatatu, Machi 16
Nimemwonyesha Mwalimu Isaka yote: chupa bila karatasi, vyuma juu, vyuma chini, kijiko. Ni mwalimu mzuri, najua alielewa kabla sijamaliza, nilimwona alivyokaa.

"Umefanya vizuri," akasema. "Sasa sikiliza. Iringa tunasukuma vyuma chini. Inapanda. Hatusemi uongo wowote, si inapanda kweli?"

"Mwalimu, inapanda hata kwa kijiko."

"Kijiko hatukibebi."

"Na vipimo vya Jackline?"

Akakaa kwenye stuli. Akasema bango limeshalipiwa, mkuu wa shule ameshapiga simu wilayani, na tukienda na jibu la "inategemea" watatucheka. Akasema, "Mwantumu, wewe ni mtoto. Hujui inachukua nini hadi shule kama hii iitwe."

"Jackline anaacha fizikia, Mwalimu."

Nadhani hakuwa anajua. Uso wake ulibadilika. Lakini akasema tu, "Nenda nyumbani, mvua inakuja."

Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi.

Jumanne, Machi 17
Nimekwenda kwa kina Jackline, Iyunga. Njia ya kwao imekuwa tope jekundu, kiatu kimoja kilinasa, nikakivuta kwa mkono. Mama yake, mama Damari, alikuwa jikoni akimenya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndaga, asante kuja, karibu, karibu. Utakula?"

"Nimefunga, mama."

"Aa, ndiyo wewe!" akasema, akacheka. "Jackline aliniambia ana rafiki amefunga, soda hawezi kuinywea mbele yake, anakunywa nje kwenye mvua. Nikamwambia utapata homa. Haya, yuko ndani huyo."

Nilisimama pale na kiatu cha tope mkononi. Nilikuwa nimeandika humu humu kwamba anakimbia kufuta meza.

Jackline alikuwa anapasi sketi ya shule. Hakuizima pasi nilipoingia. Nikamweleza yote, waya, karatasi ya chupa, kijiko. Nilikuwa naongea haraka, nadhani nilitegemea atafurahi. Akaendelea kupasi hadi nikamaliza.

"Kwa hiyo umekuja kuniambia kwamba nilikuwa sahihi."

"Ndiyo. Tulikuwa sahihi wote wawili."

"Mimi nilijua niko sahihi, Mwantumu. Nilikuwa natazama namba kwa macho yangu. Sikuhitaji uje uniambie leo." Akaigeuza sketi. "Nilihitaji useme siku ile. Hata ungesema tu, 'Mwalimu, Jackline si mzembe.' Hukuwa na haja ya kujua habari za waya ili useme hivyo."

Nikakiweka kile kiatu chini.

"Nisamehe," nikasema.

"Nimesikia."

"Usiache fizikia kwa ajili yangu."

"Siachi kwa ajili yako. Usijikuze." Kisha, bila kunitazama: "Kijiko kilipandisha hadi ngapi?"

"Tano na ushee."

"Sawasawa na pipi?"

"Sawasawa."

Akaizima pasi. Akasema nitafikiri, akanisindikiza hadi barabarani chini ya mwavuli mmoja.

Jumamosi, Machi 21
Idi. Biriani. Baba amenipa zawadi ya kitambaa cha gauni, akasema nikavae Iringa. Sijamwambia kwamba sijui kama nataka kwenda.

Jumatano, Machi 25
Jackline amekuja maabara. Hakusalimia. Alipanga chupa mbili mezani, zote zimebanduliwa karatasi, akasema, "Moja juu, moja chini, kwa wakati mmoja. Halafu kijiko mwisho. Wasipoelewa hapo hawataelewa tena."

Mwalimu Isaka alikuwa mlangoni. Alitutazama muda wote. Baadaye akaleta mita ya pili kutoka kabatini akaiweka pembeni mwa chupa ya Jackline. Jackline akasema asante, Mwalimu. Kwa adabu, lakini baridi.

Ijumaa, Machi 27
Ipogolo, Iringa. Tumefika jioni, tumelazwa kwenye bweni la shule moja hapa chini ya mlima. Safari nzima Jackline alikaa dirishani na chupa za soda mapajani zisitikisike. Mwalimu alikaa mbele na bango limekunjwa begani kama bunduki. Watu watatu tumetoka shule moja, na kuanzia Mbeya hadi hapa nadhani tumezungumza mara mbili, zote kuhusu choo.

Bango limekuja. Hilo ndilo linalonikera. Nilidhani angeliacha.

Jumamosi, Machi 28
Niandike kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa. Meza yetu ilikuwa karibu na mlango, baridi inaingia, na bango lilitundikwa nyuma yetu, PIPI HUONGEZA, herufi kubwa kuliko vichwa vyetu. Majaji walikuwa watatu. Aliyetushughulikia ni mama mmoja wa miwani aliyejitambulisha kama Madam Nusrat, sauti ya chini, haraka yoyote hana.

Tukaanza. Mimi chini, Jackline juu. Tukaangusha pipi pamoja, povu likaruka, watoto wa shule za jirani wakapiga makelele, na mita mbili zikaenda njia mbili, moja ikipanda, nyingine ikishuka. Jackline akaeleza kwa nini. Hakutetemeka popote. Kisha mimi nikachukua kijiko nikakoroga, nikasema kwamba pipi hazina umeme wowote wa kuongeza, zinatikisa tu soda.

Madam Nusrat akatutazama, akatazama juu ya vichwa vyetu.

"Bango lenu linasema pipi huongeza. Nyie mnasema haziongezi. Nichukue lipi?"

Jackline akasema, "Chukua chupa, madam. Bango halijapimwa."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Nani aliliandika?"

Nilikuwa naona kwa pembe ya jicho suti ya Mwalimu Isaka karibu na ukuta. Nilifikiri: nikisema yeye, namwaibisha mbele ya walimu wa mikoa yote. Nikisema sisi, tunaanza upya uongo uleule. Nikafungua mdomo bila kujua nitasema nini.

"Mimi," Mwalimu Isaka akasema. Alisogea hadi mezani. Jasho lilikuwa linamtoka na baridi yote ile. "Niliandika kabla hawajamaliza kupima. Huyu hapa," akamgusa Jackline begani, "aliniletea vipimo vya kweli, nikaviita uzembe. Nikavifungia kwenye droo. Kosa ni langu, madam, wasipunguziwe alama kwa hilo."

Madam Nusrat akaandika kitu. Akasema, "Alama nitazitoa kwa nilichokiona mezani." Akaenda meza inayofuata.

Hatukushinda. Hatukuwa hata kwenye tano bora. Imeshinda mashine ya kuangua vifaranga, na kwa kweli ilikuwa nzuri, vifaranga vilikuwa vinalia humo ndani. Kwenye karatasi yetu ya maoni waliandika kwamba kichwa cha jaribio hakilingani na matokeo. Nimeisoma mara nyingi. Ni kweli na inaudhi.

Mwalimu alilishusha bango mwenyewe. Jackline akamshikia upande mmoja bila kuombwa, wakalikunja pamoja. Mwalimu akamwambia jambo kwa sauti ya chini, sikulisikia. Jackline akaitika kwa kichwa.

Jumatatu, Machi 30
Tumerudi jana. Mkuu wa shule aliuliza kombe liko wapi. Mwalimu Isaka akamjibu kwamba hakuna kombe, akaingia darasani.

Jumanne, Machi 31
Leo majina yamefungwa.

Asubuhi sikuthubutu kuuliza. Kipindi cha fizikia kilikuwa cha nne. Nilikaa kwenye dawati letu la zamani, upande wangu, nikaacha ule mwingine wazi. Wavulana wakaingia. Mwalimu akaingia. Akaanza kuandika ubaoni. Nilikuwa nimeshakata tamaa, nimeshaweka begi langu kwenye ile nafasi, mlango ulipofunguliwa Jackline akaingia na daftari la fizikia, akaomba radhi kwa kuchelewa, alikuwa kwa mwalimu wa taaluma.

Niliondoa begi haraka hadi kalamu zikamwagika.

Akapita. Akaenda kukaa nyuma, meza ya Ronak.

Baada ya kipindi nilimsubiri koridoni. Nikamwambia nimefurahi umebaki. Akafunga vifungo vya sweta, kimoja kimoja, na nilijua anatafuta namna ya kulisema bila kuniumiza sana.

"Kwenye fizikia nimerudi," akasema. "Kwako bado."

"Sawa," nikasema.

Akaanza kuondoka, nikabaki nimesimama, wanafunzi wananipita huku na huku. Sikumwita. Jambo moja nilikuwa nalijua kuhusu Jackline sasa, na nilichelewa sana kulijua: huyu akisema bado, anamaanisha bado. Hakusema "kamwe".